Bilioni Moja Haiingii Kwenye Mkoba

Katika riwaya zetu za siasa na ujasusi hapa Tanzania kuna mkoba mmoja unaozunguka kitabu hadi kitabu. Ni mweusi, una kufuli ya namba, na ndani mna "bilioni moja taslimu". Waziri anaupokea katika hoteli ya Raskazone, anaunyanyua kwa mkono mmoja, anateremka nao ngazi huku akiongea na simu. Karani yeyote wa benki akifika hapo anacheka. Akishacheka umempoteza, hata mauaji ya ukurasa unaofuata hayatamtisha.

Piga hesabu. Noti yetu kubwa ni ya shilingi 10,000. Bunda la noti 100 ni milioni moja. Bilioni ni mabunda 1,000, noti 100,000. Noti moja ina uzito wa kama gramu moja, kwa hiyo bilioni inakaribia kilo 100, gunia zima la mahindi. Bunda jipya lina unene wa sentimita moja hivi, na noti zilizochakaa huvimba zaidi. Mkoba wa ofisini unameza mabunda 100, ukishindilia sana 150. Ukiitaka bilioni taslimu, basi andika mabegi, andika gari, andika vijana wawili wa kubeba. Hapo ndipo hadithi inapoanza kunoga, kwa sababu sasa una dereva, una mlinzi wa geti na una dada wa mapokezi, na kila mmoja ameona kitu.

Fisadi mwenye akili hudai dola. Milioni moja ya dola kwa noti za 100 ni noti 10,000, kilo 10, na inakaa vizuri kwenye mkoba uleule. Kwa bei za miaka ya karibuni hizo ni zaidi ya bilioni mbili za kwetu. Lakini sasa ana kazi ya kuzibadilisha. Kama kisa chako kimewekwa mwaka 2019, usimwingize kwenye duka la kubadilishia fedha la kwanza aonalo Dar es Salaam. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa baada ya operesheni ya Arusha ya Novemba 2018 na ile ya Dar mwanzoni mwa 2019, wateja wakaelekezwa benki. Na kama kisa ni cha 2005, futa kabisa kutuma pesa kwa simu, huduma hiyo ilianza hapa nchini 2008.

Naanza na fedha kwa sababu ndiko kosa linakopimika kwa mizani, ila kanuni ni ileile kote. Msomaji anakuruhusu uongo mmoja mkubwa: ua rais, pindua nchi, uza bandari. Baada ya hapo kila kitu kingine lazima kiende kama kinavyokwenda mtaani, ofisini na baharini. Na taratibu hizo, ukizijua, zinakupa mvutano kuliko bastola yoyote, maana kila sheria ina siku zake, na kila siku iliyohesabiwa ni saa inayogonga.

Twende kwenye Katiba ya 1977, ambako waandishi wengi hupita mbio.

Rais amefariki ukurasa wa kumi. Rasimu nyingi zinampa Spika nchi "kwa siku 90 hadi uchaguzi". Hilo ni la Katiba za watu wengine. Kwetu, ibara ya 37(5) inasema Makamu wa Rais anaapishwa na kumalizia muda uliobaki, kisha baada ya kushauriana na chama chake anapendekeza jina la makamu mpya, na Bunge linalithibitisha kwa kura zisizopungua nusu ya wabunge wote. Tumeiona ikifanya kazi: Machi 17, 2021 kifo kilitangazwa, Machi 19 Rais mpya akaapishwa, Machi 30 Bunge likamthibitisha makamu, Machi 31 akaapa. Tazama pengo kati ya 19 na 31. Nchi ina Rais, haina Makamu. Katika siku kama hizo, Rais akisafiri nje, anayekaimu ni Waziri Mkuu. Mwandishi anayetafuta dirisha la njama asilitafute kwenye paa la Ikulu. Dirisha lipo hapo.

Kuna jingine ambalo sijaona likitumiwa ipasavyo, nalo ni ibara ya 40(4). Makamu akirithi kiti zikiwa zimebaki chini ya miaka mitatu, anaruhusiwa kugombea mara mbili. Zikibaki mitatu au zaidi, ni mara moja tu. Kwa muhula wa miaka mitano maana yake ni kwamba kifo kinachotokea mwezi mmoja kabla ya kutimia mwaka wa pili kinampa mrithi matumaini ya uchaguzi mmoja, na kifo kilekile mwezi mmoja baada ya kutimia kinampa mbili. Wala njama wako sasa wana sababu ya kumtunza mgonjwa kwa wiki sita, kumwitia madaktari na kumsimamia asiache kumeza dawa, na wote wakawa wanamtakia uhai kwa nia mbaya. Hicho ni kisa. Hakuna risasi hata moja.

Ukitaka kuona jinsi pengo la siku mbili linavyotosha kwa riwaya nzima, tazama Malawi ya Aprili 2012. Rais Bingu wa Mutharika alifariki tarehe 5. Mwili ukapelekwa Afrika Kusini, tangazo rasmi likachelewa, na baadhi ya vigogo wakawa wanatafuta njia ya kumzuia makamu, Joyce Banda, ambaye chama chao kilikuwa kimemfukuza lakini Katiba haikumfukuza. Tarehe 7 akaapishwa. Mvutano wote ulikuwa juu ya nani atangaze nini, saa ngapi, na mkuu wa jeshi anapokea simu ya nani.

Rais mgonjwa ni mali zaidi kuliko rais aliyekufa. Chini ya ibara ya 37(2), Baraza la Mawaziri likiona Rais hawezi kumudu kazi kwa maradhi ya mwili au ya akili, linapeleka hoja kwa Jaji Mkuu. Jaji Mkuu anateua bodi ya utabibu ya watu wasiopungua watatu, mabingwa wanaotambuliwa kisheria. Akiridhika anampelekea Spika hati. Kisha kuna siku saba: Jaji Mkuu asipoibatilisha hati kwa sababu Rais amepata nafuu na kurejea kazini, kiti kinahesabiwa ki wazi. Kwa hiyo watu wa Rais wana siku saba za kumtoa kitandani na kumwonyesha kazini. Makosa ya kawaida hapa ni mawili. La kwanza ni daktari mmoja kutia saini peke yake na nchi ikabadilika. La pili ni jenerali kuingia chumbani na karatasi, wakati jeshi halimo kabisa katika mlolongo huu, na ukiliingiza ujue umehama kutoka hadithi ya sheria kwenda hadithi ya mapinduzi, yenye masharti mengine.

Kumshtaki Rais bungeni ni ibara ya 46A, na hapa namba ndizo wahusika. Taarifa ya maandishi inafika kwa Spika siku 30 kabla ya kikao, ikiwa na saini za wabunge wasiopungua asilimia 20. Bunge lako la kubuni likiwa na wabunge 390, hizo ni saini 78. Kuunda Kamati Maalumu ya Uchunguzi kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 260. Wote, si waliohudhuria, kosa hilo limejaa kwenye miswada. Mwenyekiti wa kamati ni Jaji Mkuu wa Jamhuri ya Muungano, yumo Jaji Mkuu wa Zanzibar, na wajumbe saba wanaoteuliwa na Spika. Kamati ikishaundwa, Rais anahesabiwa hayupo kazini na mwingine anakaimu. Kamati inaanza kazi ndani ya siku saba na ina siku zisizozidi 90 za kutoa taarifa. Hoja ya kumwondoa nayo inataka theluthi mbili, na ikipita, anatakiwa kujiuzulu ndani ya siku tatu.

Siku 90 za mtu aliyepo na hayupo! Mwandishi anayeyajua haya hahitaji kuyamwaga yote kwenye aya moja. Anaandika hivi: "Karani alihesabu saini mara ya tatu. Sabini na saba." Sura ifungwe hapo.

Kesi ya kupinga matokeo ya urais ni mtego mwingine. Ukisoma sana habari za Kenya utaandika mawakili wakimiminika Mahakama ya Juu. Kule ni sawa: ombi linafunguliwa ndani ya siku saba, linaamuliwa ndani ya 14, na likikubaliwa uchaguzi unarudiwa ndani ya 60. Septemba 1, 2017 matokeo yalifutwa, Oktoba 26 watu wakapiga kura tena. Huku ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa mgombea aliyekwisha kutangazwa na Tume. Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, yenye makao Arusha, ilisema mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika, na hiyo yenyewe inaweza kumpa mhusika wako wakili kazi ya miaka. Lakini drama yako ya Tanzania bara lazima imalizike kabla ya kutangazwa. Baada ya tangazo mlango umefungwa.

Kukamata mtu. Waandishi hutuma kikosi cha watu wenye miwani myeusi. Mkuu wa wilaya ana njia rahisi zaidi: Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa yeye na mkuu wa mkoa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 kwa sababu ya kulinda amani. Mwandishi wa habari wa Pangani aliyeanza kuuliza maswali Ijumaa mchana anatoka Jumapili, na faili aliloliacha mezani halipo. Ukitaka akae zaidi, ashtakiwe kwa kosa lisilo na dhamana. Uhaini na mauaji msomaji anavijua. Utakatishaji fedha unauma zaidi kwa sababu unaingia kimyakimya kama shtaka la nne kwenye hati ya mambo ya kodi. Mbele ya hakimu ataambiwa hatakiwi kujibu lolote kwa kuwa mahakama haina mamlaka, upelelezi haujakamilika, kesi itatajwa tena baada ya siku 14. Rudia sentensi hiyo mara tano kwenye kitabu, kila mara na mtu mmoja pungufu kwenye benchi la ndugu. Na tafadhali, hatuna baraza la raia 12 la kuamua hatia. Tulikuwa na wazee wa baraza, nao walikuwa wakimshauri jaji.

Simu nitaipitia haraka. Tangu usajili wa alama za vidole ulioanza 2019, na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 20, 2020, jasusi hawezi kununua laini kwa mchuuzi pale stendi, akaitumia na kuitupa. Laini ina mwenyewe. Kwa hiyo inatumika laini ya mtu mwingine, na huyo mtu ni mhusika unayepaswa kumbuni: bibi wa shamba aliyeweka kidole mara mbili akiambiwa mtandao umegoma. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukiitaja kwenye kitabu, ifanane na umri wa mhusika.

Nyumba ya kujificha usiiweke Ngamiani, Tanga. Mgeni aliyepanga chumba Barabara ya 12 akiwa hasalimii, hanunui vitumbua na hafungui dirisha, atajulikana hadi Barabara ya 20 kabla ya isha, na mjumbe atabisha hodi kwa upole kumjulia hali. Mfiche kwenye shamba la mkonge. Mpelelezi naye asiingie barazani kwa mzee wa Kitanga na kuanza na swali. Anapiga hodi, anaamkia shikamoo, anaulizwa za atokako, anaulizwa ni mtoto wa nani, kahawa inakuja. Swali lake linakuja dakika ya ishirini, na jibu huenda alishapewa kwenye habari za nani alizikwa lini.

Bahari ndiyo inayowaumbua wengi, na inashangaza, maana Bagamoyo na Tanga zote zimekaa mbele yake. Tukio la kawaida: mwezi mpevu, saa nne usiku, jahazi lenye silaha linagusa mchanga wa Bagamoyo. Haliwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, yaani maji makubwa, na katika pwani yetu bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu, na ufuo wa Bagamoyo umelala. Saa nne usiku wa mwezi mpevu jahazi lako limekaa ubavu matopeni, mbali na nchi kavu, chini ya mwanga unaosomeka gazeti.

Sasa igeuze iwe faida. Wasafirishaji wanataka giza na maji kwa pamoja. Mwezi ukiwa mwandamo giza lipo usiku kucha, lakini maji yanajaa saa kumi, na kupambazuka kunaanza muda mfupi baadaye. Wana saa moja tu ya kushusha. Kila siku maji yanachelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo wiki moja baada ya bamvua yanajaa karibu saa nne usiku. Katika robo ya mwisho mwezi unachomoza karibu saa sita usiku. Hapo kuna giza na maji pamoja, ila ni maji mafu, kujaa kwake ni kwa chini, na chombo kizito kitagoma nje ya fungu la mchanga. Kwa hiyo nahodha anachagua: apunguze mzigo, au aje wakati wa bamvua akiwa na muda mfupi. Mazungumzo hayo ya nahodha na tajiri yanatosha sura nzima.

Pemba iko takriban kilomita 50 kutoka bara, na mkondo wa mlangoni unavuta kaskazini, kwa nguvu zaidi wakati wa kusi. Anayekimbia kwa tanga kutoka Pangani kwenda Dar mwezi wa Julai anapigana na upepo na mkondo vyote viwili. Mpe mashine, au mwachie mabasi. Bandari bubu nazo ni nyingi kiasi kwamba huna haja ya kubuni gati la siri. Na bandari ya Tanga yenyewe ina umri wa kuzingatia: kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga nje na shehena kuletwa kwa matishari, hadi gati lilipochimbwa kufikia kina cha mita 13 miaka hii ya karibuni. Shujaa wa mwaka 2010 hawezi kuruka kutoka gatini kuingia meli kubwa ya makontena. Angehitaji kwanza kupata tishari, jambo ambalo lingekuwa tukio zuri zaidi.

Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limeanza kuingia kwenye miswada, karibu kila mara kwa mlipuko. Kilomita 1,443, kipenyo cha inchi 24, na mafuta yenye nta ambayo lazima yapashwe moto njiani, karibu nyuzi joto 50, la sivyo yanaganda. Hayatiririki mtaani kama petroli ya filamu. Hesabu ya haraka inaonyesha bomba zima linameza mapipa kama milioni mbili na nusu, hivyo kwa mwendo wa mapipa 216,000 kwa siku, pipa lililoingia Uganda linafika Tanga baada ya siku 11 au 12. Mwandishi aliyefanya "kilichotokea Hoima asubuhi" kifike Chongoleani jioni amekwisha. Matangi ya Chongoleani yana nafasi ya mapipa milioni mbili. Basi fikiria mwanasiasa anayezuia meli zisipakie, kwa barua tu, kibali kimoja kisichosainiwa. Matangi yakiwa matupu yanajaa kwa siku tisa. Siku ya tisa lazima bomba lisimame, na mafuta yasiyotembea yanaanza kupoa. Vitisho vyote vimo kwenye kalamu ya mtu mmoja.

Ardhi ni njama nyingine ya karatasi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 kunapitia mkutano mkuu wa kijiji. Ikizidi hapo Waziri ndiye mwenye uamuzi. Sasa unajua kwa nini mwekezaji wa kwenye kitabu chako anaomba hekta 249, mara nne, kwa kampuni nne.

Kutakuwa na msomaji atakayesema ukweli wenyewe hauaminiki. Ni kweli. Januari 20, 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwafungia maofisa wao Waingereza na kuingia mjini, wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Rais hakuonekana hadharani kwa siku mbili hivi, waziri wake Oscar Kambona akaenda kuzungumza nao, na tarehe 25 wanamaji wa Kiingereza wakawanyang'anya silaha. Ukiandika hivyo kama ubunifu, mhariri atakuuliza Rais alikuwa wapi. Historia haiwajibiki kujibu, wewe unawajibika. Dawa ni kumwacha mhusika mmoja aliulize swali hilo kabla ya msomaji, na asipewe jibu kamili.

Kwa kupima rasimu, chora jedwali la safu nne: tarehe, mwezi na maji, karatasi gani inasainiwa na nani, mhusika yuko wapi kimwili. Dar hadi Tanga ni kilomita kama 350, basi linakula saa tano hadi sita, kwa hiyo waziri aliyekuwa kwenye kikao Dar saa nane mchana hawezi kula futari Makorora. Bunge la bajeti linaanza Aprili hadi mwisho wa Juni. Hoja yako ya siku 30 itue ndani ya kikao. Soma ibara nzima pamoja na marekebisho yake, na uangalie mwaka wa marekebisho dhidi ya mwaka wa kisa. Kisha mpe sura husika mtu wa kazi hiyo, nahodha au karani wa mahakama, na usimuulize kama iko sawa, maana kwa adabu atasema iko sawa. Muulize yeye angefanyaje. Atakachokijibu mara nyingi ni kiovu zaidi ya ulichokibuni, na cha bei nafuu.

Ukisogeza tarehe ya tukio moja katika rasimu ya tatu, pitia safu zote nne upya, ukianzia na mwezi.